Bata Anamuuliza Mbwa Mwekundu

Tambwe aliegesha pikipiki mbele ya meza ya samaki, akavua kofia ya chama, akaipangusa kwenye goti kana kwamba ina vumbi. Mama Odette akajua hakuja kununua. Mtu aliyekuja kununua samaki wa moshi hunusa kwanza.

"Salamu, Mama Odette."

"Salamu, Tambwe. Sema."

"Nimetumwa."

"Naona. Watu wenye kutumwa wote wako na uso mumoja."

Tambwe alicheka kidogo. Alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, dereva wa pikipiki aliyekula kampeni za vyama vingi, na kila chama kilimwachia kofia. Akaeleza kwamba Onorable Bienfait, mbunge anayetafuta kura, anafika Kindu Jumamosi. Atakutana na wananchi hapa hapa mtaani Kasuku, katika sale, ule ukumbi wa zamani wa sinema wa mzee Abdoul, na safari hii hataki hotuba kavu. Anataka watu wacheke. Vijana wake wameipata ile katuni ya zamani, ya mbwa na bata, wameiweka ndani ya mashine.

"Anasema Kindu haiwezi kuisahau ile filamu. Anasema, sauti ya bata njo weye."

Mama Odette akageuza samaki mmoja, akageuza mwingine. Alikuwa na uchovu ule ambao usingizi hauutoi, uchovu wa mtu aliyesubiri mpaka akasahau kukaa.

"Na sauti ya mbwa?" akauliza. "Anasema njo nani?"

Tambwe akarudisha kofia kichwani. "Mama, miye nimetumwa tu."

Mji wa Kindu una tumbo kubwa la kusahau, na wanaoulisha tumbo hilo ndio hao hao wanaorudi na fulana za bure. Kwa hiyo lazima isemwe upya. Miaka ya vita, waasi walipoushika mji na watu wa porini wakauzunguka, treni haikufika, mashua hazikupanda, chumvi ikapimwa kwa kijiko, na Kindu ikabaki kama kuku chini ya tenga. Chini ya tenga hilo burudani ilikuwa moja. Mzee Abdoul alikuwa na mashine ya sinema iliyotoka kwenye klabu ya wafanyakazi wa reli, na mkanda mmoja tu uliokuwa bado haujaliwa na unyevu. Ndani ya mkanda huo mlikuwa na mnyama mwekundu mwenye mkia mnene na kofia iliyolala upande. Hakuna mwindaji wa Pangi wala wa Kailo aliyewahi kukutana naye, basi watu wakamwita Mbwa Mwekundu, wakamaliza. Na mlikuwa na bata mwembamba, shingo ndefu, macho ya mtu anayedai haki yake. Mbwa Mwekundu anataka kumla Bata. Bata hataki. Hadithi yote ni hiyo, na kwa watu waliokuwa ndani ya tenga haikuhitaji maelezo zaidi.

Mashine ilitoa picha bila sauti, taa yake ya sauti iliungua zamani. Basi mzee Abdoul aliweka viti viwili, kimoja kila upande wa shuka lililotundikwa kuoneshea picha. Upande wa kushoto alikaa Odette, akiziba pua kwa vidole viwili, akawa Bata. Upande wa kulia alikaa Kasimu mshonaji, mdomo ndani ya kopo la maziwa lililotobolewa matundu chini, na sauti ikatoka nzito, yenye kutu, ya mnyama mwenye njaa na majivuno. Hawakuwa mke na mume, wala hawakuwa na siri. Walikuwa watani. Kasimu alikuwa wa watu wa Kibombo, Odette wa watu wa Pangi, na kati ya koo zao mbili wazee waliweka utani: kutukanana ni haki, kukasirika ni aibu. Na mmoja akifa, mwenzake ndiye anayekuja kulala kwenye mkeka wa marehemu, kuvaa kofia yake na kumtangazia ubaya wake wote, mpaka wafiwa wacheke. Bila mtani, matanga hayaanuliwi.

"Weye, Mbwa ya Kibombo," Bata alikuwa akisema, "meno yote hayo, na bado unakula mihogo ya jirani."

"Nyamaza, Bata ya Pangi. Nikikupika, hata supu itakuwa na kelele."

Watu walikuja mchana, maana kutembea baada ya jua kuzama kulikatazwa. Madirisha yaligongomewa mablanketi. Mafuta ya jenereta yalitoka kwa askari wa waasi, kwa hiyo askari walikaa mbele, na katikati yao, kwenye kiti chenye mikono, alikaa Komanda Bienfait. Alikuwa kijana wakati ule. Baba yake alizaliwa Kailo, ila yeye alikulia mbali, akarudi na bunduki. Naye alivaa kofia iliyolala upande.

Hakuna aliyesema lolote kuhusu kofia. Ila kila Mbwa Mwekundu alipopigwa kikaango usoni, vichwa vya watu vilienda kwenye shuka, halafu vikaenda kidogo kwenye kile kiti chenye mikono, halafu vikarudi. Siku moja Komanda aliona vile vichwa vikienda na kurudi. Akasimama, akaita watani wawili.

"Kuanzia kesho," akasema, "mbwa anashinda."

Mzee Abdoul akajaribu. "Komanda, picha imekwisha tengenezwa na wazungu. Mbwa anashindwa."

"Sikusema picha. Nimesema maneno."

Basi kesho yake mbwa akashinda. Kikaango kikamtandika uso mpaka ukawa bapa, na ndani ya kopo sauti ya Kasimu ikasema kwa adabu kabisa, "Asante kwa kofia ya chuma. Nilikuwa naihitaji." Baruti ikamrusha hadi mawinguni. "Nimepanda kuangalia mipaka ya nchi yangu." Akaanguka, akazama ardhini, masikio tu yakabaki nje. "Hapa ninalinda usalama wa udongo." Na Odette, pua imezibwa, akawa anaitikia, "Njo vile, Mukubwa. Umeshinda, Mukubwa. Uongezewe ushindi?" Kisha akaleta nyundo.

Wazee wanasema Kindu haijacheka vile tena. Walicheka mpaka akina mama wakashika mbavu. Askari wawili watatu nao walicheka, wakajificha nyuma ya mikono. Komanda Bienfait hakucheka wala hakukasirika. Alitoka kabla ya mwisho.

Asubuhi askari wake walimkuta Kasimu kwenye cherehani, mguu juu ya pedali. Wakasema wanahitaji watu wa kubeba masanduku. Dada yake, Safia, akakimbia nyuma yao na lile kopo la maziwa, akidhani ndugu yake atalihitaji kunywea maji njiani, akasahau kwamba lina matundu. Askari mmoja akamrudisha. "Kule tunakoenda haina sinema," akasema. Wakashika njia, na tangu siku ile Kasimu hakuonekana.

Amani ilipokuja, ilikuja na viti. Waliokuwa na bunduki walikalishwa, waliokuwa na makaburi waliachwa wamesimama, na ambao hata kaburi hawakuwa nalo waliambiwa warudi wiki ijayo. Safia alizunguka ofisi zote, za serikali na za wageni wenye magari meupe. Waliosema walikuwa hawakuona, walioona hawakusema. Shehe alimwambia kwamba inawezekana kumsalia mtu asiyekuwepo. Safia akakataa. "Sitamusalia muntu ambaye pengine sasa hivi anakula wali kule Punia," alisema. Mkeka wa Kasimu ukabaki umetandikwa chumbani kwake, kofia yake juu, na nyumba ile ikawa na kilio kisichoanza wala kisichoisha. Komanda akawa mshauri, mshauri akawa Onorable.

Jioni ile Mama Odette alivuka mto kwa mtumbwi kwenda Alunguli. Alimkuta Safia uani akipepeta mchele.

"Yule muntu anarudi," akamwambia. "Anataka Bata."

Safia aliendelea kupepeta. "Nawe umesema nini?"

"Bado. Nimekuja kukuuliza."

"Yaya, dada yangu mukubwa, mimi nimechoka kuulizwa na nimechoka kuuliza."

"Najua. Lakini sikia. Bata alikuwa na ruhusa ya kusema kila kitu. Hata wakati wa bunduki, Bata hakukamatwa. Nitamuuliza mbele ya watu, kwa mudomo wa Bata. Akisema tu kwamba alikufa, na wapi, mimi nafanya kazi yangu ya utani, nawe unalia, tunamaliza."

"Na asipojibu?"

"Tutakuwa vile tulivyo."

Safia akapuliza makapi. "Usimutukane sana mwanzoni," akasema mwishowe. "Mbwa akitishwa anaficha mufupa."

Jumamosi sale ilijaa. Wapo waliokuja kwa ajili ya fulana, wapo waliokuja kwa ajili ya soda, na wapo wazee na akina mama ambao hawakugusa fulana wala soda. Walikaa tu, mikono mapajani, wakitazama shuka. Madirisha yalifunikwa tena mablanketi. Onorable Bienfait alipewa kiti chenye mikono. Amenenepa, shingo imeingia ndani ya kola, mkononi ana leso ya kufutia jasho. Alimsalimia Mama Odette kwa mikono miwili.

"Bata wetu bado hai," akasema.

"Bata anaishi," akajibu yeye. "Njo kazi yake."

Tambwe akawasha mashine. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Mama Odette alisikia sauti yenyewe ya ile filamu, sauti waliyoikosa miaka yote ile. Kumbe hapakuwa na maneno. Wanyama wale hawakuwahi kusema hata neno moja. Palikuwa na fidla, ngoma, na kishindo cha vyombo. Kila tusi, kila kiburi, kila "Njo vile, Mukubwa," vilizaliwa hapa Kasuku, midomoni mwa watu wawili wenye njaa. Alisimama kidogo akisikiliza fidla hizo za watu wengine, halafu akamwambia Tambwe azizime.

Akaketi upande wa kushoto. Kiti cha kulia kilikuwa pale, kitupu; aliomba kiwekwe. Akaziba pua.

"Karibu, Mbwa ya Kibombo. Umekonda. Huko ulikokwenda hawakupi chakula?"

Vijana wakacheka, kwa sababu sauti ilichekesha: miaka ya moshi wa samaki iliikwaruza, ikawa bata kuliko bata. Kikaango kikatua usoni. Mama Odette akanyamaza, kwa kuwa zamu ilikuwa ya Mbwa Mwekundu. Shuka likaendelea kucheza bila sauti. Ndipo kutoka safu za nyuma mzee mmoja akasema polepole, kama mtu anayeitikia misa:

"Asante kwa kofia ya chuma. Nilikuwa naihitaji."

Watu wakageuka. Baruti ikalipuka, Mbwa akapanda mawinguni, na safari hii waliosema walikuwa wengi, akina mama wa sokoni, fundi baiskeli, mwalimu mmoja aliyestaafu bila kulipwa: "Nimepanda kuangalia mipaka ya nchi yangu." Vijana waliacha kucheka. Hawakujua ni nini, ila walijua si yao.

Mbwa akazama ardhini, masikio nje. Hapo Mama Odette hakungoja mtu.

"Mbwa Mwekundu," akasema, pua imezibwa bado, "weye mutani wangu. Siku ile, toka kwenye cherehani, walikupeleka wapi?"

Shukani Bata wa picha alikuwa akitafuta nyundo.

"Mbwa Mwekundu. Dada yako hajakunja mukeka. Nakuuliza kwa heshima, mimi mwenye kukutukana kila siku. Ulilala wapi?"

Tambwe alitazama kofia yake. Mtu mmoja akakohoa. Vichwa vya watu, taratibu, kama zamani, vilienda kwenye shuka, halafu vikaenda kwenye kiti chenye mikono. Safari hii havikurudi.

Na hapa ndipo Onorable alipokosea kosa ambalo mtoto yeyote wa Maniema, hata mwenye miaka saba, asingelikosea. Alikulia mbali. Utani aliusikia kwa habari tu, kama mtu anavyosikia harufu ya chakula kutoka nyumba ya pili. Alijua kwamba mtani akitukanwa hakasiriki, anajibu kwa mzaha, na anayejibu vizuri ni mtoto wa nyumbani. Hakujua kwamba mtani akiuliza habari ya maiti, mzaha umekwisha, pale panatakiwa ukweli na kichwa kilichoinama. Aliona mchezo, na aliona kura. Akainuka akicheka, akachukua mikrofoni.

"Mimi pia mutoto wa Kailo," akasema. "Mimi pia mutani wenu, musidhani nimesahau. Huyu Mbwa wenu mimi namujua sana. Mvivu." Akangoja kicheko. "Sanduku moja tu ya risasi, na miguu inaanza kucheza rumba. Tulifika pale kwenye daraja ya magogo, njia ya Pangi, mbele kidogo ya machimbo. Akakaa chini. Akasema, sitembei tena, mimi naangalia mipaka ya nchi yangu. Basi vijana wakamwambia, sawa, baki hapa ulinde daraja." Akafuta jasho kwa leso. "Na mpaka leo analinda."

Akacheka peke yake. Kicheko kilitoka kwenye spika, kikazunguka sale, kikarudi kwake bila kushikwa na mtu.

Alitazama safu moja, akatazama nyingine. Labda alielewa wakati huo, labda hakuelewa hata kidogo. Watu wa namna yake huelewa kwa kuchelewa au huajiri mtu wa kuwaelewea. Shukani nyundo ilianguka na kuanguka. Mama Odette aliondoa vidole puani.

"Asante, Onorable," akasema kwa sauti yake mwenyewe, iliyochoka. "Ilikuwa hiyo tu."

Akatoka. Nyuma yake wakatoka wazee, kisha akina mama, hakuna aliyekimbia, hakuna aliyepiga kelele. Fulana zilibaki nyingi siku hiyo. Mtu asiulize kama Bienfait alichaguliwa. Alichaguliwa. Kura zilihesabiwa na watu wengine, mahali pengine, na mji huu hauna nguvu ya kushangaa.

Alunguli, Safia alisikia yote akiwa amesimama, mkono kwenye nguzo ya mlango.

"Nani amesema?"

"Yeye mwenyewe. Ndani ya mikrofoni."

"Alisema daraja ya magogo?"

"Njia ya Pangi. Mbele ya machimbo."

"Na alisema Kasimu alifanya mzaha."

"Mpaka mwisho. Ule ule wa filamu."

Safia aliketi kizingitini. Hakupiga yowe, yowe lilikwisha kuoza ndani yake zamani. Alilia kama mtu anayetua mzigo: kwanza pumzi, halafu mabega. Mama Odette alimwacha. Siku zilizofuata vijana wawili wa mtaa walienda hadi darajani wakarudi na udongo ndani ya kitambaa, wakasema daraja sasa ni la chuma na udongo wa chini yake umefukuliwa na wachimbaji mara nyingi, kwa hiyo hawajui walichochota ni nini. Shehe akasema kinatosha. Akamsalia.

Siku ya kuanua matanga, Mama Odette aliingia chumbani bila kubisha hodi, kama ilivyo haki ya mtani. Akavaa kofia ya Kasimu. Akajilaza kwenye mkeka wake, magoti yakilalamika, mikono kifuani, na watu wakajaa mlangoni.

"Muoneni huyu Mbwa ya Kibombo," akaanza. "Alinishonea gauni, mukono mumoja mrefu kuliko mwingine. Alikula ndizi zangu akasema ni panya. Kubeba sanduku moja akashindwa. Miaka yote hii analala darajani, dada yake anamupikia. Na sauti yake, mbaya namna gani, mpaka aliificha ndani ya kopo."

Mtu akacheka kule nyuma. Kisha mwingine. Safia, macho mekundu, akafunika mdomo kwa mtandio, na mabega yake yakatikisika kwa namna ambayo ndiyo hasa mtani anaingojea. Mama Odette aliona, akanyamaza. Alikuwa na matusi mengine mengi, aliyahifadhi miaka mingi, lakini aligundua kwamba hana nguvu ya kuyamaliza.

"Sasa nilipeni," akasema kutoka mkekani. "Siamuki bila haki yangu."

Mtani hulipwa kitu cha marehemu. Safia aliingia ndani, akarudi na lile kopo la maziwa, lililoliwa na kutu mdomoni, matundu yake bado wazi. Mama Odette akalipokea kwa mikono miwili, akainuliwa na wanawake, na mkeka ukakunjwa.

Jumatatu alikuwa sokoni Kasuku. Karibu na samaki aliweka beseni la chumvi, na kopo lile ndilo alilopimia. Mteja wa kwanza akaangalia chumvi ikichuruzika kupitia matundu, ikirudi beseni kabla ya kufika kwenye mfuko wake.

"Mama, kopo yako inavuja."

"Najua. Njo mudomo wa mutani wangu," akasema Mama Odette, akachota tena.